Barua ya malalamiko: tiketi ya Perth, saa ya Sydney

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salamu kwanza. Nimeshawaandikia mara mbili kwa Kiingereza kuhusu saa mlizotupa za tamasha lenu la rock hapa Perth, Australia, na mara zote mbili nimejibiwa na ile barua yenu ya roboti inayoanza kwa kunishukuru kuwa sehemu ya familia yenu. Leo nimeona kwenye fomu kuna kisanduku kinasema mteja aandike kwa lugha anayojiskia huru nayo, sasa mimi nikiwa nimekasirika lugha ninayojiskia huru nayo ni Kiswahili, kwa hiyo tafuteni mkalimani mumlipe. Na wewe ndugu mkalimani, shikamoo kama umenizidi umri, nakuomba kitu kimoja tu, saa zote humu nimezihesabu kwa Kiswahili. Saa moja jioni ninayosema mimi ni ile jua la Perth linakaribia kuzama, wao wanaiita saba. Usije ukakosea kama walivyokosea wao, maana kesi yote hii ni ya saa.

Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, zamu ya asubuhi, naingia saa kumi na mbili natoka saa nane na nusu. Tiketi ya tamasha lenu nilinunua siku ile ile mlipofungua kuuza, dola 189, mkaongeza ada ya kununua dola 9.45 (kununua nako kuna ada, haya), halafu nikajitoa muhanga nikalipa dola 85 zaidi ili niwe na ruhusa ya kuingia lile eneo la mbele karibu na jukwaa. Mtu atauliza kwa nini. Ni kwa sababu ya bendi moja tu. Mimi ni mtoto wa Mombasa, rock niliijua kwa kakangu mkubwa aliyekuwa na kanda zake ndani ya kikopo cha biskuti, na akiziweka mamangu alikuwa anapita mlangoni anauliza, huyo anayelia humo ndani kafanywa nini? Hiyo bendi sijawahi kuiona hata kwa mbali, na huko kwetu haijawahi kukanyaga. Jina lake silitaji kwa sababu wao hawana kosa lolote, walipanda jukwaani dakika ile ile waliyopangiwa. Nyinyi ndio mliotuambia dakika nyingine.

Sasa nisikilizeni taratibu. Apu yenu, ile mliyotulazimisha kupakua kwa sababu ati tiketi ya karatasi hamtoi tena, ilisema hivi: mageti saa nane mchana, bendi yangu saa nne kasorobo usiku, mwisho wa shoo saa saba usiku. Nikaona Mungu kanipenda, yaani naweza kumaliza zamu, nikaoga, nikala kidogo, nikaenda bila kuomba ruhusa kazini. Mwenzangu wa kazini, Mkongo mmoja ambaye amekaa mji huu kuliko mimi, alipoona ile saa saba alicheka sana, akaniuliza Perth ipi hiyo inayopigwa gitaa mpaka saa saba usiku majirani wamelala? Nikamwambia wivu. Ningemsikiliza yule bwana nisingekuwa naandika barua hii.

Nikapanda basi Mirrabooka mpaka mjini, halafu treni ya Fremantle, nikafika uwanjani kama saa kumi na moja na nusu. Joto lilikuwa digrii 38 mchana ila ule upepo wa baharini wanaouita Fremantle Doctor ulikuwa umeshaanza, nikajiskia vizuri kabisa. Kuna bendi ilikuwa inapiga. Mmeniandikia ati ningetambua mapema kwamba ratiba haiendani na kinachotokea jukwaani. Ningetambuaje? Zile bendi za mchana sizijui hata moja, zote ni vijana wanne wamevaa nyeusi wana nywele usoni, aliyepiga saa nane na aliyepiga saa kumi na moja kwangu mimi ni yule yule.

Basi nikajua nina masaa manne ya kukaa. Nikaenda kule mwisho kabisa wa uwanja kwenye magari ya chakula nikapanga foleni ya chipsi. Foleni ndefu, mbele yangu watu kama 30. Saa moja kasorobo nikaskia gitaa. Nikadhani mafundi wanajaribu spika. Nakumbuka kabisa nilimwambia dada aliyekuwa mbele yangu, skiza, wanapima mitambo na wimbo wao! Tukacheka. Halafu ngoma zikaingia, halafu akaingia yule mwimbaji mwenyewe kwa sauti yake, na yule dada akaacha kucheka. Akaangalia simu yake. Mimi nikaangalia yangu. Foleni nzima watu wanaangalia simu, saa nne kasorobo, saa nne kasorobo, na wimbo unaendelea.

Kilichofuata ndicho hasa kilichonifanya niandike mara ya tatu, maana pesa ni pesa lakini hili ni kubwa zaidi. Watu walikimbia. Namaanisha mamia ya watu kutoka kwenye chakula, kutoka vyooni, wengine walikuwa wamelala kwenye nyasi kivulini, wote wakainuka kwa pamoja wakakimbilia sehemu moja, jua linakaribia kuzama, wengine wamelewa, wengine wana watoto mabegani. Kuna mama mmoja aliangushwa karibu na pipa la taka tukamwinua watu wawili, goti linavuja damu. Nyinyi mnafanya biashara hii, si mimi wa kuwaambia kilichotokea kwenye lile tamasha la rock la Big Day Out, Sydney mwaka 2001, msichana alibanwa na umati mbele ya jukwaa akafia hospitali siku chache baadaye. Hadithi hiyo kila anayependa muziki huu Australia anaijua. Sasa nyinyi mnafanya maelfu ya watu waamini wana masaa matatu wakati hawana hata dakika, halafu mnaiita hitilafu ndogo ya kuonyesha saa. Ndogo kwa nani?

Mimi nilipofika kwenye kizuizi cha eneo la mbele, lile la dola 85, mlinzi alikuwa ameshafunga. Akanionyesha mkono, pamejaa, hakuna kuingia. Nikamwonyesha bangili yangu ya kuingilia, akasema bangili anaiona lakini hawezi kuongeza mtu mmoja, watu wataumizana. Na alikuwa sawa kabisa, simlaumu, kijana wa watu alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye viatu. Nikarudi nyuma mpaka pale kwenye vyoo, pale ndipo palipokuwa na nafasi, na upepo nao ulikuwa unachukua sauti unaipeleka upande mwingine. Nilisikia nyimbo mbili na nusu. Ule niliousubiri tangu enzi za kile kikopo cha biskuti waliupiga wa pili, kumbe ndio uliokuwa unapigwa wakati nakimbia.

Na sasa ujumbe wenu. Saa moja kasoro dakika mbili, bendi iko jukwaani tayari dakika 13, simu yangu ikalia: "Ratiba imesasishwa." Nikafungua, na saa zote zimerudi nyuma masaa matatu kamili, kila msanii, mpaka mageti ambayo sasa yakawa yanasema saa tano asubuhi, asante sana kwa taarifa. Skrinshoti za kabla na baada nimeziambatanisha. Masaa matatu ndiyo tofauti ya Sydney na Perth wakati wa kiangazi, kwa sababu huko kwenu mnasogeza saa mbele na huku hatusogezi. Watu wa Western Australia, jimbo letu hili, walilipigia kura hilo jambo mara nne, ya mwisho mwaka 2009, na mara zote nne walikataa. Mimi 2009 sikuwa hapa bado na hata mimi najua. Nyinyi mnaozungusha tamasha nchi nzima kila mwaka hamjui?

Kwa hiyo ile hoja yenu kwamba "ratiba inaweza kubadilika bila taarifa" naomba muiondoe mezani. Ratiba haikubadilika. Bendi haikuchelewa, haikuwahi, haikubadilishana na mtu. Kilichokuwa kimekosewa ni nyinyi kutuonyesha saa ya mji ulioko kilomita 3,300 kutoka hapa. Na hoja ya pili kwamba kulikuwa na ubao wenye saa sahihi, nimeuona huo ubao, niliuona nikiwa natoka usiku, uko upande wa dirisha la tiketi ambako mtu mwenye tiketi ya simu hapiti. Mwenzangu mmoja mzungu kazini, mama wa miaka hamsini na kitu, ananiambia alienda Big Day Out hapa Perth miaka ya tisini, lile tamasha lilianza Sydney 1992, mwaka uliofuata likaanza kuzunguka likafika mpaka huku, na anasema ratiba ilikuwa kikaratasi unakikunja unatia mfukoni. Kikaratasi hakijui uko mji gani lakini pia hakikudanganyi.

Mengine nayapitia haraka. Maji ya bure mabomba mawili uwanja mzima na moja halitoi. Majukwaa mlitangaza manne sisi tumeletewa matatu, bei ile ile ya Sydney. Na bangili ya malipo niliweka dola 60, nikatumia 31, zimebaki 29, nikiomba nirudishiwe mnaniambia kuna makato ya dola 4 ya kunirudishia hela yangu mwenyewe. Hilo kwetu lina jina lake ila mkalimani asijisumbue kulitafsiri.

Madai yangu ni haya. Tiketi 189, ada 9.45, eneo la mbele 85, salio la bangili 29 bila makato, jumla dola 312.45. Msiniambie tena "tiketi hazirudishwi", sheria ya walaji ya Australia inasema huduma itolewe kwa uangalifu na kwa ujuzi unaostahili, na kampuni haiwezi kuandika kijisentensi chini ya tiketi ikaifuta hiyo haki. Vocha ya mwakani sitaki. Vilevile nataka barua inayoeleza ni nani huwa anakagua saa za apu kabla ya shoo ya Perth, na aliyeangushwa pale kwenye pipa mmemtafuta au la, mimi jina lake silijui lakini watu wenu wa huduma ya kwanza walimfunga goti kwa hiyo lazima wamemwandika mahali.

Nawapa siku 14. Zikipita bila jibu la binadamu napeleka faili lote kwa Consumer Protection, ile ofisi ya serikali ya kutetea walaji, hapa hapa Perth, na hizo skrinshoti zikiwa juu.

Namba ya tiketi na ya simu nimejaza kwenye fomu. Mkitaka kunipigia nipigieni baada ya saa tisa mchana. Ya huku.