Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji: Ufagio Usiitangulie Kalamu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Yah: Kuandika kumbukumbu za wanyamapori wa mjini kabla mitaa haijafagiliwa

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmoja wa wakazi wa jiji lako wanaojitolea kuandika taarifa za ndege, popo, vyura, wadudu na viumbe wengine wa porini wanaoishi kati yetu. Kazi hii siku hizi huitwa sayansi ya wananchi, na watu wengi, pengine hata ofisini kwako, huichukulia kama burudani ya wenye nafasi. Sikuandikii kuomba fedha wala eneo la hifadhi. Nakuandikia kwa sababu idara yako ya usafi, bila kukusudia, hutupa kila alfajiri sehemu kubwa ya ushahidi ambao sisi tunauhangaikia mchana kutwa, na kwa maoni yangu kasoro hiyo inaweza kurekebishwa kwa daftari, kalamu na dakika chache za zamu.

Niruhusu nianze na nilichokiona mwenyewe. Katika msimu uliopita wa ndege wanaohama nilifika kabla ya jua kuchomoza kwenye barabara moja yenye majengo marefu ya vioo, nikiwa na nia ya kuhesabu mbayuwayu wanapotoka malaloni. Nilimkuta mama mmoja mfagiaji akimalizia upande wake wa barabara. Kwenye kizoleo chake, juu ya majani makavu na vifuniko vya chupa, walikuwamo ndege watatu wadogo, mmoja wao bado ana ujoto. Nilimwamkia, nikamwomba nitazame, naye akaniazima glavu yake moja. Yule wa juu alikuwa na tone la damu iliyokauka puani. Hakuwa na alama ya meno ya paka, wala bawa lake halikuvunjika. Nilipompuliza manyoya ya kifuani niliona chini ya ngozi mafuta ya manjano, akiba ambayo ndege huweka mwilini kabla ya safari ndefu. Alikuwa mzima wa afya hadi dakika aliyogonga kioo.

“Hawa ni wachache,” mama akaniambia. “Ungekuja juzi, kulipokuwa na mawingu, ungewakuta hata kumi, mwanangu, na wote upande ule wa taa.” Nilimwuliza kama kuna mtu aliyewahi kumwuliza habari hizo. Alicheka, akamwaga kizoleo ndani ya toroli, akaendelea na kazi.

Mheshimiwa, katika maneno hayo machache mama huyo alitaja hali ya hewa, upande wa jengo na chanzo cha mwanga, na yote matatu ndiyo hasa anayoyahitaji mtafiti. Ndege wengi wadogo husafiri usiku, wakiongozwa na nyota na usumaku wa dunia. Mawingu yanaposhuka huwalazimisha kuruka chini, na hapo taa za majengo huwavuta na kuwapoteza, wakazunguka mwangani hadi wachoke au wagonge. Walionusurika hutua kwenye miti ya karibu, na kunapokucha huona kwenye kioo kivuli cha miti hiyohiyo na anga, wakakirukia wakidhani ni njia. Mfagiaji wako hakuhitaji kusoma haya popote. Ameyajua kwa kuinama mahali pale pale kila siku.

Kwamba ujuzi wa aina hiyo ukiandikwa hubadilisha mambo, ushahidi upo. Mwaka 1978 David Willard, aliyekuwa mfanyakazi wa jumba la makumbusho la Field Museum mjini Chicago, alisikia kwamba ndege hugonga vioo vya McCormick Place, jengo la mikutano lililo kando ya Ziwa Michigan, akaenda kujionea. Alirudi siku nyingine, na nyingine, na kwa zaidi ya miaka 40 yeye na wenzake wamekuwa wakiwaokota ndege hao na kumwandikia kila mmoja tarehe yake. Baadaye waliongeza jambo dogo mno: kuandika ni madirisha yapi yaliyokuwa na mwanga usiku ule. Kutokana na daftari hilo, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba vifo kwenye jengo lile vingeweza kupungua kwa takriban asilimia 60 endapo eneo la madirisha yenye mwanga lingeshushwa hadi kiwango cha chini kabisa kilichowahi kuandikwa. Halafu ikaja asubuhi ya tarehe 5 Oktoba 2023, ambapo karibu ndege 1,000 waliokotwa chini ya jengo hilo moja. Kwa kuwa miaka yote iliyotangulia ilikuwa imehesabiwa, hapakuwa na mtu wa kusema kwamba ni jambo la kawaida. Mwaka uliofuata vioo vilibandikwa karatasi maalumu yenye vitone vinavyoonekana na ndege, na vifo vya msimu wa vuli vikapungua kwa takriban asilimia 95.

Ndege hao waliokufa walieleza hata jambo ambalo hakuna aliyelitafuta. Watafiti walipopima ndege 70,716 wa spishi 52 waliookotwa Chicago kati ya 1978 na 2016, walikuta kwamba mfupa wa mguu, ambao hutumiwa kama kipimo cha ukubwa wa mwili, umefupika kwa asilimia 2.4 huku mabawa yakirefuka kidogo, na wakahusisha mabadiliko hayo na ongezeko la joto. Ninapomwona mfagiaji akimwaga kizoleo huwa nawaza habari hiyo.

Huenda washauri wako watasema kwamba tayari wapo watu wanaopiga picha wanyama kwa simu janja, na kwamba jiji halina sababu ya kujiingiza. Ni kweli wapo, nami ni mmoja wao. Mtandao wa iNaturalist, ulioanza mwaka 2008, umewawezesha watu wa kawaida kuweka picha au sauti ya kiumbe pamoja na tarehe na mahali, wengine wakasaidia kumtambua. Taarifa iliyokamilika, ambayo zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wamekubaliana juu ya spishi yake, hupanda daraja na kuweza kuingia katika GBIF, hazina ya kimataifa ya taarifa za viumbe, ambayo hutumiwa na watafiti duniani kote. Ndege wamekuwa na mtandao wao wa namna hiyo, eBird, tangu 2002. Tangu 2016, pale Los Angeles na San Francisco zilipoanza kushindana kuandika viumbe wake kwa siku chache, miji mingi ya mabara mengine imejiunga na shindano hilo la kila mwaka.

Hata hivyo, sisi wa kujitolea tuna kasoro ambayo hatuwezi kuiondoa wenyewe, na ndiyo kiini cha barua hii. Tunaandika pale tunapopenda kutembea. Tunaandika siku za mapumziko, mchana, kwenye bustani zenye vivuli na mitaa yenye miti, na mara nyingi karibu na nyumba zetu. Ramani inayotokana na kazi yetu huonyesha wanyama wako wapi, lakini huonyesha zaidi sisi tuko wapi. Utafiti wa mwaka 2023 uliohusu miji 195 ya Marekani ulikuta kwamba mitaa ambayo zamani ilinyimwa mikopo ya nyumba kwa misingi ya ubaguzi ndiyo iliyo na taarifa chache zaidi za ndege hadi leo, na kwamba pengo hilo limezidi kupanuka. Ofisa anayepanga barabara au mtaro kwa kutazama ramani ya namna hiyo ataona eneo jeupe na kudhani hapana kiumbe, kumbe hapajawahi kwenda mtu mwenye daftari.

Wafagiaji wako wanakwenda kote huko. Wanakwenda kila siku, saa ileile, kwa njia ileile, mvua inyeshe isinyeshe, na hakuna kundi la kujitolea ninalolijua linaloweza kuahidi hivyo. Wanaofanya atlasi ya ndege kusini mwa Afrika, iliyoanza mwaka 2007, wamegawa ardhi katika vipande vya dakika tano kwa tano za latitudo na longitudo, na orodha kamili haikubaliwi mpaka mtu awe ametafuta ndege ndani ya kipande kwa muda usiopungua saa mbili. Masharti hayo yamewekwa kwa sababu taarifa zilizochukuliwa kwa utaratibu mmoja ndizo zinazoweza kulinganishwa mwaka hadi mwaka. Sisi tunalazimika kujitungia nidhamu hiyo. Idara ya usafi imekuwa nayo siku zote.

Ninachoomba basi ni hiki. Kila msimamizi wa zamu apewe daftari, au fomu ya simu kwa walio nazo, ambamo mfagiaji akikuta mnyama wa porini aliyekufa au kujeruhiwa ataandikiwa tarehe, saa, mtaa, upande wa jengo na taa kama zinawaka, na picha moja ipigwe kabla ya mnyama kuondolewa. Si lazima jina la spishi lijulikane hapohapo; kazi ya kutambua itafanywa baadaye na watu wa kujitolea pamoja na wataalamu, nasi tuko tayari kuifanya. Jambo moja lisisahaulike: siku ambayo hakuna kilichookotwa nayo iandikwe. Sifuri ni taarifa. Bila sifuri hatuwezi kujua kama vifo vimepungua baada ya taa kuzimwa au kama mtu alichoka tu kuandika. Na hata daftari likitunzwa vizuri, idadi itakuwa pungufu kuliko hali halisi, kwa kuwa paka na kunguru huamka mapema kuliko binadamu yeyote.

Muda huo wa kuandika uhesabiwe kuwa ni wa kazi na ulipwe. Naona aibu kwa namna neno kujitolea linavyotumika mara kwa mara kumaanisha kwamba wenye kipato kidogo ndio watoe zaidi. Vilevile taarifa hizo zisije zikageuzwa kuwa fimbo ya kumchapia mfagiaji aliyechelewa, maana siku hiyo itakapofika daftari litajaa uongo. Glavu zitolewe, na agizo liwe wazi kwamba popo, awe hai au amekufa, haguswi kwa mkono mtupu kwa sababu ya hatari ya magonjwa kama kichaa cha mbwa.

Mafundi wa mitaro na wakata miti wangeweza kufuata mtindo huohuo baadaye, ingawa kwao swali ni tofauti kidogo: wao hukutana na viumbe walio hai, na kwa hiyo wanahitaji kutazama kabla ya kuwasha msumeno. Mti mkavu wenye tundu mara nyingi una wapangaji. Mtaro unaoonekana mchafu unaweza kuwa na vyura wanaosubiri mvua. Wala tusidhani kwamba mjini hapana kipya cha kugundua. Mwaka 2014 ilitangazwa spishi mpya ya chura aliyekuwa akiishi ndani ya New York, na aliyewafanya watafiti washtuke kwanza ni mlio wake, ambao haukufanana na wa jamaa zake. Mwaka 2015 spishi 30 mpya za nzi wadogo zilielezwa kutokana na mitego iliyowekwa nyuma ya nyumba za wakazi wa Los Angeles. Chura na nzi hao walikuwepo siku zote, hatua chache kutoka kwenye milango ya watu.

Mwisho ni suala la nani ataziona taarifa hizi. Naomba ziwekwe wazi kila mwezi, zikiwa zimeondolewa majina ya wafanyakazi, na kwa spishi zinazowindwa mahali halisi pafichwe, kama iNaturalist inavyofanya kwa kuhamisha alama ya mahali ndani ya eneo pana. Zisifungiwe kabatini kusubiri ripoti ya mwaka yenye picha nzuri ya tai jalada la mbele. Pia naomba pawepo ofisa mmoja, hata kama ana majukumu mengine, ambaye kazi yake ni kuzisoma na kuwaandikia wenye majengo: kwenye anwani hii, usiku huu na huu, ndege kadhaa waliokotwa, tafadhali zimeni taa za ghorofa zisizo na watu kuanzia saa tano usiku katika miezi ya uhamaji. Barua za namna hiyo ni vigumu kuzipuuza zinapokuwa na tarehe.

Ili kazi isiwe nzito mwanzoni, napendekeza ianzie kwenye barabara moja na msimu mmoja tu. Barabara ninayoifikiria ni ile ya vioo niliyoieleza hapo juu, na mwenye haki ya kushika daftari la kwanza ni yule mama, akipenda. Mimi na wenzangu watatu tutafika hapo kila Jumanne na Ijumaa kabla ya alfajiri tukiwa na glavu, mizani ndogo na fomu za ziada, kuanzia wiki ya kwanza ya msimu ujao. Tunachosubiri ni kibali chako cha maandishi, ili msimamizi wa zamu asitufukuze kama alivyotufukuza mara ya mwisho.

Wako mtiifu,

Mkazi wa jiji na mwandishi wa kujitolea wa taarifa za wanyamapori