Barua ya wazi kwa mjomba: jino hilo lisubiri kwanza

Mjomba, shikamoo.

Mama amenieleza kwamba gego lako la chini linakusumbua na kwamba umepanga kuling'oa kwenye zahanati ya jirani. Nakuomba usikubali kuguswa kabla daktari wa kinywa hajajua kwamba taya hilo lilipigwa mionzi, hata kama saratani yenyewe ulipona zamani.

Mionzi iliyokutibu koo ilipita pia katika mfupa wa taya, ikaharibu chembe hai zinazoujenga upya na mishipa midogo ya damu inayoulisha. Taya la chini huathirika kuliko la juu kwa kuwa mfupa wake ni mzito na damu yake ni haba, na hatari huongezeka dozi inapovuka grei 60 (grei ni kipimo cha mionzi), kiwango ambacho ni cha kawaida katika saratani za kichwa na shingo. Mfupa wa namna hiyo unaweza kukaa miaka mingi bila taabu, mpaka jino ling'olewe na tundu likatae kufunga. Mfupa ukibaki wazi kwa miezi 3 au zaidi, wala saratani haijarudi, madaktari huita hali hiyo osteoradionekrosisi, yaani kufa kwa mfupa kwa sababu ya mionzi.

Jitazame kwenye kioo, mahali penye mwanga. Ukiona kipande cha manjano au kijivu kilichochomoza kwenye ufizi, chenye makali yanayokwaruza ulimi, usikidhani ni mabaki ya jino, na usitulie kwa sababu tu hakiumi. Ganzi ya mdomo wa chini, harufu mbaya, au usaha unaotokea chini ya kidevu ni dalili za kuwahi hospitali, maana taya lililofikia hapo huweza kuvunjika mtu akitafuna tu.

Najua utaniuliza habari za chumba cha oksijeni, kile ambamo mgonjwa huvuta oksijeni safi kwa shinikizo kubwa. Kilisifiwa sana, lakini utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 haukuona kwamba kinawakinga wanaong'olewa meno baada ya mionzi. Mimi ningeuliza kwanza kama mzizi wa jino unaweza kutibiwa bila kuling'oa.

Karatasi ya matibabu yako, yenye dozi na eneo lililopigwa mionzi, iko kwa mama ndani ya bahasha ya kaki. Ichukue, uende nayo kwa daktari wa upasuaji wa kinywa, na sigara uiache tangu leo.