Mifano mingi si uthibitisho, hata kwa mtoto

Mhariri,

Mwambie mtoto wa miaka saba kwamba witiri ukijumlisha na witiri unapata shufwa. Atajaribu 3 na 5, kisha 7 na 9, atakubali. Wengi wetu tunaofundisha huishia hapo. Lakini kanuni bado haijathibitishwa, imejaribiwa mara mbili tu.

Mpe vizibo vya chupa. Apange 7 viwili viwili: jozi tatu, kimoja kinabaki. Kando yake apange 9: jozi nne, kimoja kinabaki tena. Usimruhusu ahesabu jumla, maana akishasema 16 ataona kazi imekwisha. Badala yake funika jozi zote kwa karatasi, viachwe wazi vile viwili visivyo na wenzao. Muulize: "Chini ya karatasi kungekuwa na jozi elfu moja, hivi viwili vingefanyaje?" Akivisogeza vikae pamoja, akaeleza kwamba kila witiri lazima ibakize kimoja, huo ndio uthibitisho kamili. Aljebra itakuja kuandika hayohayo kwa herufi.

Akiuliza kwa nini mifano haitoshi (na mtoto mdadisi atauliza), subiri afike miaka tisa au kumi umpe bikari. Achore duara la kujaza nusu ya ukurasa, aweke nukta kwenye ukingo na kuunganisha kila nukta na nyingine zote kwa rula, kisha ahesabu vipande vya duara. Nukta 2 hutoa vipande 2, nukta 3 vipande 4, nukta 4 vipande 8, nukta 5 vipande 16. Kwa nukta 6 ataapa ni 32. Ni 31. Aandike namba ndani ya kila kipande anachohesabu, la sivyo vile vidogo vya katikati vitamponyoka. Nukta sita zisipangwe kwa umbali sawa: mistari mitatu itakutana katikati, apate 30, na adhani amekosea kuchora.

Kuhusu zoezi la kuchana pembe za pembetatu ya karatasi na kuzipanga kwenye mstari ili kuonyesha kwamba jumla yake ni nyuzi 180, ni zuri, ila liitwe jaribio. Jicho halitofautishi nyuzi 179 na 180. Uthibitisho wake unahitaji mistari sambamba, na huo unaweza kusubiri.

Mwalimu wa hisabati