Intaneti ikigoma baada ya kompyuta kuamka, si lazima Windows ipigwe upya

Mhariri,

Katika saiba na maduka ya kuchapisha hapa Mombasa kuna lalamiko la kila asubuhi: kompyuta iliyolazwa jana kwa haibaneti (Hibernate, yaani kuzimwa huku kazi zilizo wazi zikihifadhiwa) inaamka na kazi zote zikiwa wazi kama zilivyoachwa, ila intaneti hakuna. Simu kwenye ruta hiyo hiyo inafanya kazi vizuri. Kampuni ya intaneti inalaumiwa, kisha mashine inapelekwa kwa fundi anayepiga Windows upya na kudai ada kamili. Mara nyingi hiyo ni pesa ya bure.

Kompyuta ikilazwa hivyo, yaliyomo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, huandikwa kwenye diski, katika faili la hiberfil.sys, kisha mashine huzimika pamoja na kadi ya mtandao. Ikiamka, draiva, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, inarudi na kumbukumbu za jana. Isipoianzisha kadi upya sawasawa, mtandao unakwama. Tena, anwani ya IP, namba inayoitambulisha mashine kwenye mtandao, hutolewa na ruta kwa muda tu, na muda huo waweza kuisha mashine ikiwa imelala.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter, kisha kwenye dirisha jeusi linalofunguka andika ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, ujue mashine imekosa anwani ya ruta ikajipa yenyewe. Andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew. Isiposaidia, fungua Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta, nenda Network adapters, bofya kadi kwa kitufe cha kulia, chagua Disable, subiri sekunde kama kumi, kisha Enable. Hapo draiva inalazimika kuianzisha kadi upya.

Tatizo likijirudia, ingia Properties ya kadi hiyo, sehemu ya Power Management, uondoe alama kwenye “Allow the computer to turn off this device to save power”. Laptopu nyingi mpya hazina sehemu hiyo. Kwa hizo, weka draiva mpya kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine, si kutoka tovuti zinazojitangaza kuwa na draiva za kila aina. Wanaotumia modemu ya USB wafanye vivyo hivyo kwenye USB Root Hub katika Device Manager hiyo hiyo, au waichomoe tu na kuichomeka tena.

Kinachowachanganya wengi ni hiki: kuzima na kuwasha hakusaidii. Tangu Windows 8, iliyotoka 2012, kuna Fast Startup. Ukibofya Shut down, kiini cha Windows pamoja na draiva hulazwa kwenye diski, na kasoro ya jana inaamka nayo. Bofya Restart. Fast Startup yenyewe huzimwa kwenye Control Panel, Power Options, “Choose what the power buttons do”. Wapo wanaoshauri amri ya powercfg /h off, inayofuta haibaneti kabisa. Kwa jinsi stima inavyopotea huku kwetu, hatuiungi mkono kwa laptopu, maana haibaneti ndiyo inayookoa kazi betri inapokaribia kwisha.

Network reset, inayorudisha mipangilio yote ya mtandao ilivyokuwa mwanzo, iwe ya mwisho kabisa. Hufuta nywila zote za waifai, na saiba iliyopanga anwani za kudumu itazipoteza, kwa hiyo ziandikwe kwanza kwenye karatasi.

Kuna kasoro nyingine inayofanana na hii, hasa kwenye kompyuta za mezani ambazo soketi yake huzimwa ukutani kila jioni. Waifai imeshika, anwani ni sahihi, lakini eCitizen na barua pepe zinakataa kufunguka na kivinjari kinasema muunganisho si salama. Tazama tarehe kwenye pembe ya skrini. Ikiwa imerudi nyuma miaka, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana kama havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, kisha badilisha betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, aina ya CR2032 ya volti 3. Upande wenye alama ya kujumlisha uangalie juu.

Mafundi wa kompyuta,
Mombasa