Kaka, kile kifuniko cha sufuria

Kaka, shikamoo.

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa, hata kama na wengine watasoma. Mama hajambo, ni ule mguu tu.

Nasikia wamekuhamishia upande wa Mto Ruvuma. Jihadhari. Baba alisema tembo wa njia ya Niassa, ile hifadhi ya Msumbiji ng'ambo ya mto, hawana urafiki, wanavuka usiku na kukipambazuka wako kwenye mihogo ya watu. Wewe unajua, ndiye uliyembebea baruti, ukikimbia na kisu kuwahi kuchinja kabla roho haijatoka. Mimi nilibaki na mama, nimekatazwa kugombana hata na kuku, maana ugomvi wa nyumbani humfuata mwindaji porini. Nyama ikija, figo ni yako. Na ada yako ya shule ilikuwa mbawala na pofu, tusifichane.

Halafu siku ya arobaini ya baba ukaja na magwanda yako ya askari wa wanyamapori. Wazee wako mkekani, shehe hajamaliza dua, wewe moja kwa moja jikoni. Hukusalimia. Ukafunua sufuria, ukainama, ukanusa. Shangazi alikuwa ameinua mwiko, akabaki nao hewani. Ukafunika, ukatoka. Hukumkamata mtu, na hilo ndilo linaloniuma: ungetukamata, ningekuchukia yakaisha.

Usinihubirie vizazi vijavyo. Najua hesabu ya 2013, Selous nzima ilibaki na tembo kama 13,000. Lakini waliowamaliza walikuja na bunduki za kivita na wanunuzi mjini, si gobore la mzee linalogoma mvua ikinyesha. Mimi nalala shambani, napiga debe usiku kucha, nachoma pilipili, na mahindi yakiliwa naambiwa nijaze fomu ya kifuta jasho. Akifa mtu ni kifuta machozi, kanuni za 2011 ziliandika shilingi 1,000,000. Hebu mpigie mjane hesabu hiyo wewe mwenye magwanda.

Samahani. Nilitaka kuandika kwa upole.

Hilo gobore unaloulizia kwa majirani, acha kuuliza. Nililisalimisha mwenyewe polisi, wiki moja kabla ya arobaini, nimelifunga kwenye khanga kama mtoto. Mama hajui mpaka leo, na usimwambie.

Na nyama ile ilikuwa ya mbuzi. Sehemu kubwa.