Umeme ukikatika, kichujio hutangulia kufa

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wanaofuga samaki wa mapambo majumbani hapa Arusha. Umeme ukikatika, macho yote huwa kwa samaki. Kumbe kinachoanza kufa ni kichujio, na samaki hukifuata siku ya tatu au ya nne, watu wakilaumu maji ya bomba.

Ule ute wa kahawia kwenye sponji ya kichujio si uchafu wa kuoshwa ukatakata. Ndimo wanamoishi bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, kuwa nitraiti, kisha nitreti, ambayo sumu yake ni ndogo. Kazi hiyo hula oksijeni sana: gramu 1 ya naitrojeni ya amonia huhitaji gramu 4 na nusu hivi. Nasi tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 huku hushika takriban miligramu 7 za oksijeni kwa lita, ilhali Dar es Salaam hupita 8.

Balaa kubwa ni kichujio cha kopo lililofungwa. Maji yakisimama humo saa chache, oksijeni huisha, bakteria hufa na uchafu huoza. Umeme ukirudi, pampu huyasukumia samaki maji yanayonuka yai viza. Kwa hiyo ukikatika zaidi ya saa mbili, chomoa plagi. Umeme utakaporudi, mwaga maji ya kopo, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, ndipo uwashe. Maji ya bomba yenye klorini yatawamaliza bakteria waliobaki.

Giza likiwa refu, toa sponji uiweke ndani ya tangi. Chota maji kwa jagi, yamimine toka juu kidogo, dakika tano kila nusu saa. Oksijeni huingia pale uso wa maji unapochafuka; mapovu ya pampu husaidia hasa kwa kuutikisa uso huo. Usilishe siku hiyo, na siku tatu zinazofuata lisha nusu tu, maana chakula ndicho amonia ya kesho.

Samaki wakipandisha midomo juu, matamvua yakipiga mbiombio, badilisha robo ya maji kwa maji yaliyolala kwenye ndoo wazi siku nzima. Bakteria wakifa wote, kuwarudisha huchukua wiki 4 hadi 6. Wauzaji wa matangi wawaeleze wateja haya kabla ya kupokea fedha.

Mfugaji wa samaki wa mapambo,
Arusha