Kwa vijana mliokabidhiwa mfuko wa zaka

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wanangu, mmebebeshwa amana nzito, na nimeona niwaandikie kabla hamjaanza kugawa. Nawasihi sana msiikate zaka vipande vidogo vidogo ili kila anayekuja apate chochote. Mgao huo huonekana wa haki siku ile, lakini mwaka ukizunguka majina ni yale yale.

Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar, khalifa wa pili, kwamba mnapotoa, mtoe cha kumtosheleza mtu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alilifafanua vizuri katika kitabu chake cha fikihi, al-Majmuu: fundi apewe cha kununulia vifaa vya kazi yake, viwe rahisi au ghali; mfanyabiashara apewe mtaji ambao faida yake itamkimu. Basi mshonaji asiye na cherehani mnunulieni cherehani, msimpe fedha za siku tatu. Ajuza asiyejiweza ana hukumu yake, huyo mtamtunza. Na mwenye njaa leo alishwe leo, hilo halina mjadala. Lakini mwenye nguvu na ujuzi akipata cha kumvusha, inshaallah atafikia nisabu, yaani kiwango cha mali kinachomlazimu mtu kutoa zaka, naye aanze kutoa.

Mtalaumiwa. Watauliza kwa nini fulani kapewa kikubwa na wao wakakosa. Jibu lenu liwe daftari: nani alipewa, kwa sababu gani, nani anafuata. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inaamrisha madeni yaandikwe, kwa hiyo asiwepo wa kuona kuandika ni kutoaminiana. Vigezo vyenu vitangazeni, ila majina ya maskini yabaki kwenu. Heshima ya mtu haigawiwi pamoja na zaka yake.

Katika yale mafungu manane ya wanaostahiki zaka, wenye madeni ndio husahaulika mno. Anayetaabika usiku na mchana kulipa riba hana atakachojenga hata mkimpa vifaa, maana kila anachopata kinakwenda kwa mdai. Huyo anzeni na deni lake, ndipo mfikirie mtaji.

Tena, wanawake wawemo ndani ya kamati, wenye sauti na wenye kushika daftari. Wapo wajane ambao hawatamweleza mwanamume hali zao kamwe, na mkibaki wanaume watupu hamtawajua.

Wassalaam,
Mzee wenu